Mafuta ya Karafuu Yalivyomlaza Mpishi Ulimi

Mjukuu wangu alijing'ata ulimi mpaka damu ikamshuka kidevuni, kisha akauliza, "Bibi, nani kamwaga thothi?"

Sosi! Damu yake mwenyewe.

Nisimulie vizuri, maana mnanicheka bure.

Mjukuu huyu ni mpishi. Asubuhi ile alikuwa anaenda kujaribiwa kwenye jiko la hospitali. Wapishi watatu, nafasi moja. Mkewe tumbo liko puani, na yeye kazi hana.

Jino bovu nalo likachagua siku hiyohiyo kumnyoosha.

"Mume wangu, fungua domo," nikamwambia. Nikamgusishia jino pamba yenye tone la mafuta ya karafuu. Maumivu yakapoa.

Nageuka kutafuta viatu vyangu, yeye huku nyuma kachukua chupa kasukutulia kama maji ya bomba!

Ulimi ukafa ganzi. Kuonja mkate tu, kajing'ata.

"Nitaonjaje thupu, Bibi?" Mate yanamtiririka kama mtoto anayeota meno.

"Ulimi umelala, pua nayo imekufa? Nusa, bwege wewe! Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, vyote vina harufu. Chumvi haina harufu, basi usiiguse."

Nikamsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje ya mlango wa jiko. Nikajiambia, mtoto akikosa kazi hii, nimemkosesha mimi na kichupa changu.

Mara mkuu wa jiko akafoka. "Nimesema supu ya wagonjwa wa presha! Huyu kaonja, kaongeza chumvi. Huyu kaonja, kaongeza. Mnataka kuua watu?"

Nikasikia kijiko kikigonga sufuria nyingine.

"Hii sufuria ya tatu ya nani? Haina chumvi, na bado tamu. Umejizuiaje?"

Mjukuu wangu akajikohoza. "Ni nidhamu ya ulimi tu, bothi."

Nidhamu! Nikauma kanga nisicheke. Mwongo huyo nimemlea mwenyewe.

Kazi akapata.

Jioni kanijia anatabasamu upande mmoja. "Bibi, nipe ile chupa. Kesho napika tena."

Nikamkamata sikio mpaka kwa daktari wa meno. Jino lilikuwa limeoza hadi mzizini, usaha umejaa, na yeye anataka kupaka manukato!

Wajukuu zangu, maumivu ni mbwa anayebweka, na karafuu inamnyamazisha tu. Mwizi bado yumo ndani.