Kidole Kilichofungwa Uzi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na hakuna aliyehitaji jina lake jingine. Miaka thelathini na mbili amesimama nyuma ya meza ile ile, pasi ya mkaa mkononi, akinyoosha suruali za makarani na sare za manesi. "Pasi yangu inanyoosha kila kitu," alikuwa akiwaambia wateja wa kike, "isipokuwa tabia ya mume wako."

Lakini siku ya tatu tangu mkwewe ajifungue, Mama Pasi hakutania mtu. Kabla ya saa nne alikuwa ameshaunguza kola mbili.

Mtoto alikuwa mzima, wa kike, kilio chake kikisikika hadi barabarani. Ila kando ya kila kidole chake cha mwisho cha mkono kilining'inia kidole kingine, kidogo kama punje ya mahindi, chenye ukucha wake. Baba yake, fundi saa, mwana wa Mama Pasi, aliviangalia mara moja tu.

"Ukoo wetu hauna vidole sita," akamwambia mkewe. "Kamtafute mwenye navyo."

Akabeba godoro, akahamia kwenye kibanda chake cha kazi. Alasiri hii kaka wa mkwe angekuja kumchukua dada yake na kichanga chake. Mkwe hakulia mbele ya mtu. Alikuwa anakunja nguo tu.

Na Mama Pasi alijua. Mwiba wenyewe ulikuwa hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa na vidole kumi na viwili, na shuleni wenzake wakamwita Dazeni. "Dazeni, nigawie kimoja, kwako vimezidi." Vilikatwa akiwa na miaka kumi, lakini jina halikukatika mpaka alipohama. Alipozaa mara ya kwanza, binti, alihesabu vidole kabla ya kuuliza kitu kingine: kumi. Akapumua. Wa pili ndiye huyu fundi saa. Akahesabu: kumi na viwili. Mume alikuwa safarini. Akachukua uzi mweusi, akavifunga kwa fundo la kukaza, vikakauka, vikadondoka. Mume aliporudi alikuta mtoto kama watoto wengine. Tangu siku hiyo ulimi wa mama nao ukabaki umefungwa kwa uzi ule ule.

Hata kwa mjukuu alikwenda na uzi, siku ya kwanza. "Tuvifunge, viishe." Mkwe akakataa.

Asubuhi hii nesi alipokuja kumpima mtoto, Mama Pasi alimvuta pembeni. "Mwanangu, kitu kama kile, mzazi akikatwa, si kinaisha?"

"Kinachokatwa ni nyama, mama. Mtoto huchukua maelekezo ya mwili nusu kwa baba, nusu kwa mama, na hayo hayamo kidoleni. Umewahi kuona mbuzi aliyekatwa mkia akazaa wasio na mkia?"

"Sasa mbona huyu kinampata na yule kinamruka?"

"Ni kama kurusha sarafu. Mzazi ana nakala mbili, tuseme moja ya vidole sita, moja ya vitano. Mtoto anapewa moja tu. Akipewa ile ya sita, mara nyingi hiyo moja inatosha kujitokeza. Na kila mtoto anarushiwa ya kwake upya."

Mama Pasi akarudi mezani, akaitazama pasi. Miaka yote alidhani amenyoosha kunjo. Kumbe kitambaa kilikatwa hivyo.

Akamwaga mkaa, akaenda kibandani.

"Mama, kama umekuja kumwombea, rudi," fundi saa akasema bila kuinua kichwa, kioo chake kikiwa jichoni.

"Nimeleta kazi. Nipe mikono yako." Akamgusa pembeni mwa kidole cha mwisho. "Hiki nini?"

"Sugu. Ya kushika koleo."

"Koleo unashika kwa mkono mmoja. Mbona sugu ziko mbili?"

Akaziangalia kwa kile kioo, ya kulia, kisha ya kushoto. Mama akaweka mikono yake juu ya saa zilizofunguliwa. Makovu yalikuwa pale pale. Akamweleza yote, na saa za ukutani zikaendelea kugonga, kila moja na wakati wake.

"Siku tatu, mama," akasema hatimaye. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaniita Dazeni."

Walipofika nyumbani, kaka wa mkwe alikuwa ameshabeba mkoba. Mama Pasi alisema tena, mbele ya wote, amesimama.

Mkwe alisikiliza hadi mwisho. "Siku tatu unaniletea chai, mama. Unaketi hapo, unaniangalia nikinywa. Ndiyo maana ulikuja na uzi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mke wangu," fundi saa akaanza.

"Asubuhi nilikuwa nafukuzwa. Sasa naondoka mwenyewe." Akamfunika mtoto, mikono nje. "Anayenitaka atanifuata kwetu, na mdomo ule ule ulionitukana."

"Shemeji, tupishe," kaka akasema.

Fundi saa akanyoosha mkono kupokea mkoba. Kaka hakumpa. Basi akawafuata hivyo hivyo, mikono mitupu, hatua kadhaa nyuma yao. Mama Pasi alibaki mlangoni akiitazama mikono ile ikining'inia, mpaka walipokata kona.