Aliyeitika Badala Yangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Sikuota, sikuwa na homa, wala sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, alasiri, jua bado kali, hapa hapa Garsen, mguu wangu ukiwa kwenye cherehani. Wallahi siongezi neno.

Baba yangu alikuwa mtu wa sinema. Si wa kuonekana ndani ya sinema, la! Alikuwa akizunguka na gari la sinema kando ya mto, Hola, Wenje, Ndera, anatundika shuka jeupe, watu wanakaa chini kutazama picha za zamani za Wamarekani, farasi na kofia na wanawake wa kulialia. Wenzake wakitazama picha, yeye alikuwa akisikiliza muziki. Ule muziki wa fidla arubaini kwa pamoja, unaujua? Aliweka redio ya kaseti karibu na spika akarekodi muziki mtupu, kanda baada ya kanda. Nyumbani alinikalisha mkekani tukasikiliza. "Hawa wa matarumbeta wamekaa nyuma, wanangoja zamu yao," alikuwa akiniambia. "Subiri. Subiri. Sasa!" Anainua kidole, na kweli matarumbeta yanalipuka, nywele zinanisimama. Hakujua jina la mpigaji hata mmoja, lakini zamu ya kila mtu aliijua.

Kisha mto ukamchukua. Mtumbwi ulipinduka wakivuka, wenziwe wakaokolewa, yeye hajaonekana mpaka leo. Kwa hivyo hatuna kaburi la kuzuru. Tulichobaki nacho ni kanda.

Na kwenye kanda moja, sikiliza vizuri hapa, yumo yeye. Siku hiyo alikuwa akijaribu mashine uani kwetu Kipini, redio inarekodi. Kinubi kinapiga taratibu, kinanyamaza, halafu unamsikia: "Mwanangu wee! Ndoo!" Sisi watu wa Kipini, ndoo kwetu ni njoo. Alikuwa akiniita nije nisikilize fidla zinavyopanda. Nilimsikia. Lakini nilikuwa nimenuna kwa sababu alikataa kunichukua Wenje na gari lake. Nikakaa kimya nyuma ya jiko. Kwenye kanda yote yamo: anaita, kimya kidogo, kisha fidla zinapanda bila mimi. Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani.

Nilipokuwa mtu mzima, fundi mmoja wa Hola akanihamishia kanda zote kwenye flashi. Nikanunua spika ndogo, nikaiweka juu ya kabati la vitambaa dukani kwangu hapa Garsen. Kila alasiri nashona na fidla zangu. Wateja walinitania mpaka wakachoka. "Mama, leo ni harusi ya nani huko Ulaya?" Na vijana wa boda wanaokaa kivulini pangu, ikifika ile sauti ya baba, hao ni watu wa bara na wa mtoni, hawaijui ndoo yetu, basi wanapiga kelele: "Mathe, si umpelekee mzee ndoo yake!" Nacheka nao. Lakini mimi pale pale kwenye kile kimya nilikuwa nikiitika. "Labeka, baba." Kila siku. Usiniulize kwa nini. Ulipokuwa mtoto hukuwahi kumnunia mtu ukadhani kesho ipo?

Mama yangu, ambaye anakaa nami kwenye chumba cha nyuma ya duka, hakupenda. "Akuitaye mara moja si mtu," alikuwa akisema. "Ngoja uitwe mara ya pili, ya tatu. Na sauti ya maiti haiitikiwi kabisa, utamfuata." Nami nikimjibu, mama, huyo ni mumeo. Basi nilipopatwa na malaria mbaya, karibu niende, mama akaona ndiyo hayo. Nilipopata nafuu akanishika mkono. "Ukiitika tena, radhi zangu huna." Mtu atakataa vipi? Nikaacha. Muziki niliendelea kuuweka, lakini baba akiita, nauma midomo, kile kimya kinapita kitupu.

Hiyo siku yenyewe mto ulikuwa umefurika. Garsen nzima tope, barabara imekuwa uji, hata vijana wa boda hawakuja. Nilikuwa peke yangu nikipinda ukingo wa dera. Kinubi kikapiga, kikanyamaza.

"Mwanangu wee! Ndoo!"

Nikauma midomo.

"Labeka, baba!"

Si mimi niliyesema. Sauti ilitoka mlangoni. Nikainua uso: mwanamke wa umri wangu, kajifunga leso, kasimama kizingitini, anatabasamu kama mtu aliyefika nyumbani. Nikamtazama kuanzia juu nikashuka mpaka miguuni. Ee Mola wangu! Miguu mikavu. Nje watu wanazama tope mpaka magotini, na yule miguu yake mikavu, myeupe kwa vumbi.

Akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja. Nilitaka kusoma Ayatul Kursi, ninayoijua tangu chuoni utotoni, ikanipotea kabisa. Nilichoweza ni kutazama tu. Fidla zikapanda, naye akafumba macho, akatikisa kichwa pole pole, raha tupu. Halafu akainua kidole.

"Subiri," akasema. "Subiri. Sasa!"

Matarumbeta yakalipuka.

Niamini, hapo ndipo nilipolia. Hofu ilikuwepo, lakini sikulia kwa hofu. Nililia kwa wivu.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Anaita kila siku," akanijibu, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Hakuna wa kuitika. Nikaona niitike mimi."

"Huyo ni baba yangu!"

"Mbona humwitiki?"

Ungemjibu nini? Muziki ulipokwisha, akainuka, akajitengeneza leso, akatoka kama mteja yeyote. Nikakimbilia mlangoni. Tope tupu, laini, halina hata alama moja ya unyayo.

Mama akaja akijikokota kutoka ndani, uso umemvimba kwa hasira. "Nimekusikia ukiitika."

"Si mimi, mama."

"Nikuzae mimi, nisiijue sauti yako?"

Hakuniamini, na sina la kumwonyesha. Kwa sababu nilipoirudisha nyuma ile sehemu, sauti ya yule mwanamke ilikuwa imo ndani. Baba anaita, na pale penye kimya, mtu anaitika, "Labeka, baba!" Nikaitoa kanda yenyewe sandukuni, ile ya zamani, nikaipeleka Hola kwa yule fundi. Imo. Fundi akasikiliza, akanitazama. "Si ni wewe, mama?" Kila anayeisikia anasema ni mimi. Duniani ni mimi peke yangu ninayejua kuwa si mimi.

Utasema, kwa nini sikuacha kuisikiliza? Wewe ungeacha? Siku iliyofuata, baada ya labeka, zikasikika humo kwenye kanda ndara zikikokotwa uani, mtu anamwendea baba. Siku nyingine baba akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau, akasema, "Umekuja?" Wakasikiliza fidla pamoja. Mimi niko kwenye cherehani, napiga kelele, "Baba, si mimi huyo! Mimi niko huku!" Vijana wa boda hawakutania tena. Siku ya mwisho nilisikia nyayo za watu wawili, na sauti ya baba ikienda mbali: "Haya, ndoo twende."

Tangu hapo hayumo. Muziki uko mzima, safi kuliko zamani, fidla, matarumbeta, kila mtu na zamu yake. Baba tu ndiye hayumo, si kwenye flashi, si kwenye kanda. Nimepeleka kwa mafundi, nimepeleka kwa mashehe. Wanatikisa vichwa. Mama amenirudishia radhi zake, nimezipokea, nimeshukuru. Hazijaniletea kitu.

Wakubwa watakuambia usiitike sauti inayoita mara moja. Sina elimu ya kubishana nao, na pengine kwako watasema kweli. Lakini mtu wako akikuita, na unajua ni wewe anayekutaka, usimnunie. Kuna wanaongoja mlangoni waone kama utaitika, na wakikutangulia hurudishiwi.

Mimi bado naweka kanda kila alasiri. Kinubi kinapiga, kinanyamaza. Nasema, "Labeka, baba." Nasema kwa sauti, mama anasikia, hanikatazi tena. Kisha fidla zinapanda.