Gari Linalovuta Kushoto

Jumamosi nilikuwa gereji moja ya mji wa Laurel, huku ughaibuni, nikisubiri gari langu, mtoto kanilalia mapajani, nikasikia mume na mke wakibishana mbele ya fundi Mkongo.

"Linavuta kushoto," mke alisema.

"Linavutwa na wewe," mume akamkatiza. "Hapa tunaendesha kulia, wewe bado uko Tanga." Akacheka, akanitazama ili nami nicheke. Nikainamia mtoto.

Fundi akamgeukia mke. "Mama, ukishuka unasikia harufu?"

"Ya kuungua, upande wangu wa dereva, hapa kushoto."

"Mbona hukuniambia?" mume akauliza.

"Nilikwambia. Ukasema ni woga wangu."

Fundi alisogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele la kulia, kikatulia. Kwenye la kushoto alikirudisha upesi, akamwita mume. "Papa, sikia joto hili. Breki imeshika, haiachii. Kwenye barabara kuu ingewatupa."

Mume alisogeza kiganja chake, naye akakirudisha upesi.

Breki ilipotengenezwa, alimpa mkewe ufunguo kwa mikono miwili. "Endesha, mama watoto." Mke aliutazama tu, kisha akazunguka, akakaa kiti cha abiria.

Yule fundi ni hodari, lakini kwa woga aliotiwa yule dada hakuwa na spana.