Peradventure ya Baba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Misigiri, kwenye rafu ya baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na kila Jumamosi aliipaka rafu ile mafuta ili mchwa wasile vitabu vya Kiingereza alivyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Vilikuwa vya zamani sana. Hata wazungu wenyewe, alisema baba, hawakuzungumza tena hivyo. Humo ndimo alimokutana na neno peradventure, akalipenda kuliko mbuzi wake. Alitueleza kuwa maana yake ni labda, lakini si labda ya mtu anayekwepa swali. Watu wa vitabuni walilitumia wakiwa mbele ya mkubwa wao wakiomba, nao wakishalitamka walikaa kungoja jibu.

Vita vya Waingereza vilikwisha, vijana wa vijiji vya jirani wakarudi kutoka Bama, ng'ambo walikopelekwa kupigana, na makoti yao mazito. Kaka yangu Samweli, aliyekwenda nao, hakurudi, wala hapakuja habari. Kila jioni mama alisonga ugali wa uwele, akamtengea Samweli sehemu yake, kisha akauliza, "Baba Samweli, atarudi?" Baba alijibu, "Peradventure," nasi tukala. Kwetu mtu akifa, watu wa nyumba yake hunyoa vichwa, na wasiponyoa msiba hauishi. Kwa hiyo shangazi alikuja mara kwa mara, wembe kaufunga kwenye pindo la kaniki. "Kaka, mnamwacha mtoto njiani," alimwambia baba. Baba alimjibu kwa neno lile lile, naye akaondoka amenuna. Majirani walisema subira yavuta heri, mpaka nao wakachoka kusema.

Masika ya pili yalipoanza, mama aliuliza kama kawaida. Baba alitazama rafu yake. Nililingoja neno, halikuja. "Nenda kamwite shangazi yako," aliniambia.

Tulinyolewa uani asubuhi, mama wa kwanza. Sikulia. Sikuhisi kitu ila upepo kichwani, na nilishangaa jinsi kichwa cha mama kilivyokuwa kidogo. Baba hakuipaka tena rafu ile mafuta, na mchwa wakala walichokuta.

Siku hizi wajukuu wangu hunipigia simu kutoka Singida Mjini. Nikiwauliza watakuja lini, husema labda, kisha hukata. Si watoto wabaya, wana kazi zao. Mimi hubaki nimeishika simu sikioni, nangoja.