Risasi ya 303 na Mahindi ya Likawage

Siku yangu ya kwanza kazini, askari mpya wa wanyamapori, nilizipaka risasi za serikali mafuta ya nazi. Nayasema mapema, vijana, mnicheke tuendelee. Mimi mtoto wa Kivinje, nimelelewa jikoni kwa bibi. Niliona shaba imefifia, nikaingiwa na huruma.

Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori, alishika moja, ikamteleza.

"Wewe, umezikaanga?"

"Nimezing'arisha, bwana mkubwa."

"Futa zote! Mafuta yakipenya hapa," akagusa fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, "utafyatua, ndovu atasikia 'tik' tu. Atakuja kukuuliza."

Hiyo risasi ya 303 ilikuwa ajuza wa jeshi. Ilizaliwa Uingereza na baruti ya moshi, ikabadilishiwa nyingine iliyofanana na tambi, ikapigana vita vikuu viwili, kisha ikaletwa kwetu kulinda mahindi. Ila ilikuwa na udhia wake: kitako kina ukingo uliojitokeza. Ukizipanga kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi chini ya bunduki, ukingo wa risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. La sivyo zinang'ang'aniana, na bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani ya mtutu, haisogei.

Nilipangiwa Kiranjeranje, nikalia kidogo. Nikahamishiwa Likawage, nikalia sana. Mimi mtu wa nyumbani. Huko, asubuhi moja, ndovu waliingia kwenye mahindi ya Bi Somoe, mjane asiyekuwa na chakula kingine cha mwaka ule. Nilifika mbio, nikasukuma bolti. Imekwama! Nilikuwa nimezipanga kinyume. Nikajibanza nyuma ya kichuguu, nikazimwaga, nikazipanga upya huku nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Sikusikia kitu ila moyo wangu. Nikainuka, nikapiga moja hewani. Ndovu hawapo, mahindi mengi bado yamesimama! Nikarudi kambini kifua mbele.

Bunduki zile zilirudishwa ghalani, zikaja za risasi zisizo na ukingo wa kuudhi. Nami nikastaafu, nikajenga hapahapa Likawage, maana kuhama kulinichosha. Juzi niliwasimulia vijana wenzenu barazani jinsi risasi moja ilivyookoa shamba zima. Bi Somoe, sasa jirani yangu, alikuwa akipeta mpunga uani kwake. Akaweka ungo chini.

"Ndovu niliwafukuza mimi, kwa kugonga debe. Risasi yako ilitimua kuku wangu, na jogoo sijamwona mpaka leo."