Ubeti wa Kipupwe

Shuka ikikaushwa ndani ya nyumba, juu ya kamba, na chini yake kuna moto wa kuni mbichi, hutoa harufu ya moshi na uvundo ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Wajukuu zangu wakianika hivyo siku za kipupwe, mimi hutoka nikakaa uani hata kama kuna manyunyu. Wao hudhani kifua kinanisumbua. Ninyi nitawaambia kweli, maana nimezeeka, na aibu hii sitaki kuzikwa nayo.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Bagamoyo, miaka ile misafara ya pembe ilipokuwa bado ikishuka kutoka bara. Dada Mwanakombo, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa anaolewa na Bwana Sefu wa Kaole. Sote tuliishi katika nyumba moja ya bibi. Dada ndiye aliyekuwa akinisuka nywele, ndiye aliyenisomesha juzuu ya Amma, na kitanda chetu kilikuwa kimoja. Kwa hiyo harusi ile niliiona kama yangu, na nilijipa kazi ya kuzunguka mji mzima nikiwatangazia watu ambao walikwisha alikwa.

Kipupwe chetu si baridi ya kuua mtu, lakini mwaka ule kilikuja na mvua isiyo ya msimu wake. Siku moja kabla ya ndoa upepo wa kusi ulivuma usiku kucha, banda la makuti likalala chini, kuni zikalowa, samli ikaganda vyunguni. Bwana Sefu na ndugu zake walitembea kutoka Kaole chini ya mvua hiyo, naye akafika meno yakigongana. Alifikia kwa mjomba wake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akalala na homa. Wazee wakakaa, wakakubaliana ndoa isogezwe mbele siku nne.

Siku nne, wanawake kumi na tano ndani ya jiko moja, na kazi yenyewe ni kuchagua tena mchele uliokwisha chaguliwa! Bibi yangu alikuwa mtunzi, na kwetu mtoto alijua kuhesabu mizani kwa vidole kabla hajajua kukuna nazi. Nilitamani sana siku moja na mimi niitwe mtunzi. Basi nilipowasikia wale wanawake wakisimulia jinsi bwana harusi anavyotetemeka, nilijibanza nyuma ya mtungi, nikahesabu mizani nane nane kwa vidole vyangu, nikahesabu tena, kisha nikatoka nikasimama katikati yao na kughani:

Kipupwe kimeingia, bwana harusi kapoa,
Shuka tatu kavalia, wala moto hakutoa,
Bibi harusi kalia, nani wa kumuokoa?
Moto haujamwingia, vipi ataweza oa?

Shangazi yangu mmoja akautupa ungo, akalala ubavu kwa kucheka, mchele ukamwagika sakafuni wala hakuna aliyeujali. Wakanitaka nirudie. Nikarudia mara tatu, na kila mara wakafuta machozi. Sikuelewa ni kwa nini mtu mwenye homa anachekesha kiasi kile, lakini nilidhani ndiyo nguvu ya vina. Bibi aliposikia, aliniita chumbani kwake, akaniambia vina vimekaa sawa, ila nisiuseme tena. Nikadhani ananionea kijicho.

Jioni yake nilitumwa nimpelekee mgonjwa uji wa tangawizi. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, shuka imemfunika mpaka shingoni, nyingine zinakauka juu ya kamba, chumba kimejaa moshi. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole. Alikuwa kijana mpole sana, ndiyo maana dada alimpenda kwa kumchungulia tu dirishani. Nikaona huyu ndiye anayestahili kuusikia ubeti kutoka kwa mwenyewe, nikamwambia nimemtungia, nikaughani wote, mikono nyuma.

Alisikiliza hadi mwisho. "Nani mwingine ameusikia?" akauliza.

"Wote," nikasema kwa fahari. "Wanauimba jikoni."

Alimaliza uji wake polepole, akanirudishia bakuli kwa mikono miwili. "Umetunga vizuri, shemeji," akasema, kisha akajilaza akageukia ukutani. Nilirudi nyumbani nikirukaruka madimbwi.

Siku ya nne jua likatoka. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya alasiri, na bwana harusi akaletwa mlangoni kwetu. Desturi ni wanawake kumfungia mlango na kumtania mpaka atoe zawadi ya kufunguliwa. Kila harusi huwa na nyimbo zake za mlangoni, na siku ile walikuwa na mpya, ubeti wangu. Mimi nilikuwa mbele kabisa, jicho kwenye ufa wa mlango, nikiimba kuwashinda wote. Wakacheka wa ndani, wakacheka na vijana waliomsindikiza. Nilimwona Bwana Sefu amesimama wima, ameshika zawadi yake. Kisha akaiweka barazani, akageuka, akashika njia ya Kaole.

Baada ya siku mbili mjomba wake alileta talaka. Watu wazima wakailaumu mvua. Kama mtu angenipiga siku ile ningelijua kosa langu, lakini hakuna aliyenigusa. Kaole walimwita Sefu Baridi mpaka akahama. Dada, mke asiyeingiliwa na tayari ana talaka, aliozwa mzee mmoja wa Pangani mwenye wake wawili, nami nikabaki na kitanda kizima peke yangu.

Ilipofika zamu yangu ya kuolewa, nikawekwa ndani nifundwe. Siku moja kungwi wangu, akieleza aina za waume, akasema kuna mume baridi, akanieleza waziwazi ni mume wa namna gani kitandani. Masikio yangu yakawaka moto. Niliuona ubeti wangu mstari kwa mstari, na ule uso uliogeukia ukutani.

Dada alikuwa amekuja kutoka Pangani kunisaidia. Kungwi alipotoka tukabaki wawili, yeye akinipaka liwa ya kunukia mgongoni.

"Dada," nikasema, "ule ubeti niliutunga mimi. Wallahi sikujua maana yake."

Mkono wake haukusimama. "Najua hukujua," akasema. "Mimi nilijua. Nilikuwa chumbani, nyuma ya dirisha la barazani, nimekwisha fundwa, na niliposikia mnaimba nikacheka. Niliogopa sana siku ile, mdogo wangu, na hofu yangu ikatoka kwa kicheko. Nyote mlicheka naye akavumilia. Aligeuka aliposikia sauti yangu."

Nilitaka kumwambia kosa si lake, lakini akanigeuza, akaanza kunipaka mabegani. Miaka yote ile, huko Pangani, kwa mume asiyemtaka, alikuwa akijilaumu kwa kicheko kimoja tu. Na kicheko hicho nilimtia mimi kinywani, kwa vidole vyangu vinane, nyuma ya mtungi, nikitaka kuitwa mtunzi.