Maji Yanaumwa

Maji yalikuwa yamewaka tena.

Mwalimu wa Zamu aliinama juu ya taa ya kutazamia jeli, akakunja uso, akaisukuma miwani yake kwa kidole kilichovaa glavu, akatazama upya, labda jeli ingeona haya na kubadili kauli. Haikubadili. Kwenye shimo la mwisho kabisa, shimo la maji, ulikuwepo mstari mwembamba unaong'aa, umekaa palepale inapokaa mistari ya wagonjwa. Alisonya kwa nguvu hadi mwenzake aliyekuwa akiosha vyombo upande wa pili akageuka.

"Yamewaka?" akauliza mwenzake.

"Usiniulize kitu unachokijua."

Mwenzake huyo aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yeye ndiye aliyembandika mama wa watu jina la Mwalimu wa Zamu, na jina likamkaa sawasawa. Kila asubuhi ungemkuta mlangoni pa maabara akikagua viatu vya watu, kucha za watu, mifuko ya watu. Nyumbani mumewe alikuwa akisema kwamba kwenye nyumba yao hata chumvi inanawa mikono kabla ya kuingia kwenye sufuria. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoshwa na wenzake, na hakuona sababu ya kuficha.

Kazi yao ilikuwa kupima miche ya migomba. Kuna kirusi kinachoidumaza migomba, majani yanasimama wima yamebanana juu, na mkungu hautoki ng'o. Balaa ni kwamba mche mdogo huweza kuwa nacho na usioneshe dalili yoyote, ukapendeza hata kuliko wenzake. Ndiyo maana wenye vitalu huleta majani maabara kabla ya kuuza. Majani husagwa, yakatiwa dawa yenye sabuni ya kupasua chembe zake, yakazungushwa kwa kasi, kisha ikamiminwa pombe baridi, na hapo DNA hujitokeza, ute mweupe usiojaa hata ncha ya kijiti. Tone la ute huo likishayeyushwa huingia kwenye mashine inayopasha na kupoza, kupasha na kupoza, na kama kirusi kimo, kipande chake kidogo huzalishwa humo hadi vinakuwa mamilioni. Mwishoni vinatiwa kwenye mashimo ya jeli, bamba laini lililoganda kama uji, umeme unavivuta, na mstari unaonekana chini ya taa. Pasipo na mstari, mche ni mzima.

Sasa, katika kila mzunguko kuna kichupa kimoja kinachopewa kila kitu isipokuwa jani. Badala yake kinatiwa maji safi. Maji hayana mgomba wala kirusi, kwa hiyo shimo lake linapaswa kuwa giza. Likiwaka, basi uchafu umepenya mahali fulani, na majibu yote ya siku hiyo yanatupwa. Mkuu wa maabara alikuwa mama mpole, mtu wa kukubali karibu kila jambo ili mradi kuwe na amani, ila kwa hilo hakuwa na mchezo. Maji yakiwaka hakuna sahihi yake.

Na maji yalikuwa yakiwaka kila walipopima.

Simu ilipolia Mwalimu wa Zamu alijua ni nani. Alitoka nje ya jengo, akasimama kivulini kando ya mitungi ya gesi, akapokea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Haya, niambie."

Nyuma ya sauti yake maji yalisikika yakimwagika. Mjomba hupiga simu akiwa na mpira wa maji mkononi, anamwagilia huku anaongea, na mara nyingine huongea na miche yenyewe bila kukuaga.

"Bado, mjomba. Maji yamewaka tena."

"Maji yamewaka tena." Alilirudia taratibu, kama anayemsikiliza mtoto akijitetea. "Yaani mimi nimewaletea majani, nyinyi mnapima maji."

"Tunapima vyote."

"Kwa hiyo maji yanaumwa?"

"Hayaumwi, mjomba. Yamechafuka."

"Basi si mmwage mchote mengine! Bomba hamna huko? Mwanangu, umesoma miaka yote ile, leo unashindwa na maji?"

Alifumba macho. Angekuwa mtu mwingine angemkatia simu zamani. Lakini huyu ndiye aliyemchukua yeye baada ya mama yake kufariki, akamlea pamoja na wanawe, na alipokuwa mdogo akiogopa giza ndiye aliyekuwa akikaa kizingitini hadi usingizi umchukue. Tangu aache kazi ya udereva, kile kitalu kilikuwa ndiyo maisha yake. Aliitoa miche kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwenye machipukizi ya migomba aliyoiamini, akaipanga chini ya vivuli vya wavu, na sasa ilikuwa imeiva kwa kuuzwa, mizizi inatoboa mifuko. Mvua zilikwisha kuanza. Wanunuzi walikuja na lori, wakaondoka wananuna.

"Wanarudi kesho kutwa," mjomba alisema. "Wanasema hawahitaji hata karatasi yenu. Niambie tu, niuze, nisiuze?"

"Usiuze."

"Si umesema hamna majibu?"

"Ndiyo maana usiuze, mjomba."

Mjomba alishusha pumzi ndefu. "Haya. Wewe ndiye mjuzi. Nakusikiliza." Kisha akamwambia mche mmoja usogee, akakata simu.

Kilichomkera zaidi ni kwamba palikuwa na jambo hakumwambia. Majani ya mjomba nayo yalikuwa yakiwaka. Yaliwaka kila mzunguko, lakini na maji yaliwaka, na majani ya kila mtu yaliwaka, kwa hiyo halikuwa jibu. Moyoni alikuwa na hakika kwamba uchafu ukipatikana tu, mashimo ya mjomba yatakuwa giza kama ya maji, na miche itapanda lori kwa heshima. Mtu anayeipangusa migomba vumbi kwa kitambaa hawezi kuwa na migomba migonjwa. Ndivyo alivyojiambia, yeye ambaye angemcheka Redio angemsikia akisema hivyo.

Basi akaanza msako. Alimwaga maji yote ya kupimia akafungua mapya. Yakawaka. Akatupa dawa zilizokwisha funguliwa, nzuri na mbaya, hadi mkuu akashika kichwa. Maji yakawaka. Alifuta meza kwa dawa ya kuondoa madoa hadi macho yakamtoka machozi, akafuta pipeti za kunyonyea matone, moja baada ya nyingine, akafuta vishikio vya milango na swichi za taa. Yakawaka vilevile. Hapo ndipo alipowageukia binadamu.

Maabara ile ilikuwa na sheria kuu moja, nayo ni ya kutembea upande mmoja. Unaanza chumba cha usafi, ambako vichupa hutayarishwa. Unakwenda chumba cha majani, kisha chumba cha mashine, unaishia chumba cha jeli, ambako yale mamilioni yanafunguliwa na kujaa hewani na mikononi. Ukishaingia chumba cha jeli hurudi chumba cha usafi siku hiyo, hata kama nyumba inaungua. Koti linabaki, viatu vinabaki, kalamu inabaki. Kesho yake unaingia ukiwa umeoga na umebadilisha nguo.

"Saa yako," alimwambia Redio asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Jana ulikuwa nayo kwenye jeli."

"Jana niliiacha nyumbani."

"Simu?"

"Iko kwenye kabati. Unataka nivue na meno?"

"Kama yanatoka, vua." Akaisukuma miwani iliyokuwa ikimteleza puani. "Wewe unafanya mzaha, watu huko nje wana mazao yao yanaharibika."

"Watu," Redio alisema, "au mjomba?"

Wote walijua; hakuwa amemficha mtu, na mkuu alikwisha kusema kwamba majibu ya mjomba yatasomwa na watu wawili. Lakini neno lilimchoma, na alishinda siku nzima hamsemeshi. Dada wa usafi naye alipata sehemu yake kwa ajili ya fagio la maji ambalo eti lilionekana kwenye korido isiyo yake. Dada wa watu aliweka fagio chini, akasema kama mama anaona anaweza kudeki vizuri zaidi, fagio ndilo hilo. Ikabidi mkuu aingilie kati.

"Inatosha," mkuu alisema. "Tunagombana bure. Chukueni pamba zenye maji safi, panguseni kila kitu kinachoingia chumba cha usafi, kila pamba kichupa chake, tuvipime kama tunavyopima majani. Kitakachowaka ndicho mwizi wetu."

Ilikuwa hatua nzuri, na ilimuudhi kwamba hakuifikiria yeye. Alipangusa kwa bidii ya mtu anayekusanya ushahidi, glavu mpya kwa kila pamba. Akapangusa meza, kiti, pipeti, mlango, boksi la glavu, kabati la Redio, viatu vya Redio, na kwa furaha kidogo akapangusa mkono wa Redio wenyewe. Redio alimtazama akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, na kila akiinama kidole kikipanda puani.

"Na miwani?" akauliza.

"Miwani gani?"

"Hiyo."

Alicheka kwa dharau. "Hii naivaa usoni."

"Ndiyo. Na kwenye jeli unaivaa usoni. Na unaishika kwa glavu zilezile. Kisha unakwenda nayo nyumbani, kesho unaingia nayo hapa, unaishika tena, unashika kichupa." Redio aliinua mabega. "Mimi nauliza tu. Mimi ni mtu wa mzaha."

Mwalimu wa Zamu aliivua, akaigeuza mkononi. Fremu ilikuwa mpya, kubwa kuliko pua yake, na tangu aichukue ilikuwa ikimteleza mchana kutwa. Kila siku alivua koti, alivua viatu, alivua hereni, aliacha kalamu. Miwani hakuwahi kuihesabu kuwa kitu. Aliipangusa kwa pamba, akaandika alama kwenye kichupa.

Redio ndiye aliyechanganya dawa, na jioni ile jeli ilikuwa safi kila mahali. Mlango giza, kabati giza, mkono wa Redio giza tupu. Lakini shimo la miwani liliwaka kwa mng'aro ambao hata majani hayakuwahi kuutoa. Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Alitazama jeli, akamtazama mwenzake, akaenda zake kuosha vyombo, na ukarimu huo ulimuuma kuliko masimango. Kesho yake Mwalimu wa Zamu alimtafuta dada wa usafi kwanza, kabla ya kuvua viatu, akamwomba radhi kwa sauti ya watu wote kusikia. Dada alisema yamekwisha, lakini fagio hakulishika mpaka mwenzake alipoondoka.

Miwani mpya ilihamia chumba cha jeli moja kwa moja. Chumba cha usafi alianza kuingia na ile ya zamani, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa utepe, iliyofutwa kwa dawa hadi ikapauka. Akaanza upya. Akaomba mkuu ampe majani yaliyobaki ya mjomba, akasaga, akazungusha, akamimina pombe. Redio akatayarisha seti ya pili ya vichupa kwa mikono yake, ili asije mtu akasema.

Mchana wa siku ile walisimama watatu mbele ya taa, yeye, Redio na mkuu. Jicho lake lilikimbilia shimo la mwisho. Giza. Akatazama seti ya Redio. Giza. Maji yalikuwa maji, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alicheka, akampiga Redio kofi la bega. "Umeona? Umeona sasa?"

Mkuu alikuwa ameinama, anatazama mashimo ya katikati.

Majani ya wateja wengine yalikuwa giza, moja baada ya jingine. Yaliyowaka yalikuwa ya mjomba. Yaliwaka kwenye seti yake na yaliwaka kwenye seti ya Redio, mistari minene, imetulia. Alitazama maji tena. Aliyatazama kwa muda mrefu, akiyaomba yaonyeshe japo kivuli, japo ukungu wa mstari, apate sababu ya kutupa kila kitu na kuanza tena. Maji ambayo yalimtesa siku zote zile yaliamua kuwa safi leo.

"Nitampigia mimi," mkuu alisema kwa upole.

"Hapana. Ni wangu."

Alitoka, akasimama kando ya mitungi ya gesi. Mjomba alipokea haraka. Nyuma yake mpira ulikuwa ukimwaga maji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Wale wa lori wamekuja nikawafukuza, niliwaambia mwanangu kasema bado. Wamenitukana, nikawaacha watukane. Haya, niambie."

"Majibu yametoka." Alikohoa. "Ina kirusi, mjomba. Yote tuliyopima. Itabidi ing'olewe."

Mjomba akasema, kwa ile sauti yake ya utani, ila utani wenyewe haukutoka vizuri, "Na yale maji? Si ulisema maji yanaumwa?"

"Maji yamepona, mjomba."

Kwenye simu maji yaliendelea kumwagika juu ya majani, kwa muda, kama kawaida ya siku zote. Kisha alimsikia akifunga bomba.